Mashine, Sukari na Siku Zilizopotea

Hapa kwetu Lamu kila msiba wa korona ulipata hukumu mbili, na zote zilitolewa kabla tanga halijaanuliwa. Hukumu ya kwanza ni ya baraza, yaani wazungumzaji wa vibarazani: mashine ya kupumulia ndiyo iliyomuua. Ya pili ni ya waliosoma: alikuwa na sukari. Mwenye hukumu ya kwanza humwona wa pili kuwa mtu wa kuwakingia kifua madaktari; mwenye hukumu ya pili humwona mwenzake mjinga asiyetaka kuelimika. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha, lakini hukumu hizi hazikwisha nayo. Juzi nimezisikia tena pale uwanjani Mkunguni, kuhusu mtu mwingine na ugonjwa mwingine kabisa: "Msimpeleke ICU. Kule hawarudi." ICU ndicho chumba cha mahututi.

Nina sababu ya kutoliacha hili lipite. Jirani yetu mmoja, fundi wa mbao aliyekuwa ameshapita miaka 60, aliugua katikati ya 2021. Sukari alikuwa nayo miaka mingi na hakuificha. Akipenda kusema yeye na halua wameachana talaka tatu, ila hukutana njiani. Chanjo ilikuwa imeingia nchini Machi ya mwaka huo na yeye alikuwa bado anawatazama wenzake kwanza. Homa ilipomshika alifukizwa mwarobaini, akanyweshwa tangawizi na ndimu, akawa anakaa kitini na kuzungumza. Hilo la kuzungumza ndilo lililotuliza nyumba nzima. Hata ndani ya boti la kuvukia Mokowe, upande wa bara, mpwa wake anasema, mjomba alikuwa akimsimulia mlango aliouchonga ujanani na mwenye nyumba aliyekataa kulipa. Baada ya hapo ni barabara ndefu, usiku mmoja kwenye machela katika ujia wa hospitali akingoja kitanda, kisha kitanda, kisha mpira wa mashine kooni. Siku ya tatu alifariki. Mwili ulirudi umefungwa katika mfuko, wakauzika watu waliovaa kama wapiga dawa ya nzige.

"Alikwenda akisema, akarudi amefungwa." Hiyo ndiyo sentensi ya baraza, na nikiri kwamba sijasikia hoja ya mtaalamu yeyote iliyo fupi hivyo na yenye nguvu hivyo. Mtu alikuwa anasema. Wakamtia mashine. Akafa. Unataka ushahidi gani tena?

Basi tutazame ushahidi wenyewe, kwa sababu upo, na ulikusanywa Afrika. Kati ya Mei na Desemba 2020, hospitali 64 katika nchi 10 za bara hili, Kenya ikiwemo, zilifuatilia wagonjwa wa korona walioingizwa katika vyumba vya mahututi. Kazi iliongozwa na Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ikachapishwa katika jarida la Lancet Mei 2021. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 3,000, wastani wa umri wao katikati ya miaka ya hamsini. Ndani ya siku 30 walikufa 48.2 katika kila 100. Makadirio ya dunia kwa wagonjwa wa aina hiyo hiyo yalikuwa 31.5. Kisha watafiti wakauliza: ni mambo gani yanayokwenda pamoja na kifo? Kila jambo likapewa namba yake; 1 maana yake halibadilishi kitu.

Namba kubwa kuliko zote katika jedwali hilo ni ya mashine ya kupumulia: 15.27.

Mtu wa baraza akiiona atapiga meza. Na hapa ndipo ninapoomba subira yake, maana namba hii imesomwa vibaya na watu wengi ambao hawajakaa baraza hata siku moja.

Kwanza, haina maana ya kwamba aliyetiwa mashine hufa mara 15 zaidi. Haiwezekani kihesabu: kama katika watu 100 wanakufa 48, mara 15 ya hapo ni watu 720, na chumba hakina watu 720. Namba hizi huzidisha hesabu ya wanaokufa kwa kila anayepona. Nitoe mfano wangu wa kujifunzia tu. Chukua kundi ambalo kwa kila watatu wanaopona anakufa mmoja, yaani 25 katika 100. Ukizidisha kwa 15, utapata wanaokufa watano kwa kila anayepona mmoja, yaani 83 katika 100. Bado inatisha. Sikusudii kuifanya isitishe.

La pili ndilo lenye uzito. Nani hutiwa mashine? Si mtu aliyechaguliwa kwa kura. Hutiwa yule ambaye oksijeni ya puani imemshinda, ya barakoa imemshinda, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia kutoka Shela, na daktari ameona kwamba akimwacha hivyo hadi alfajiri misuli ya kupumua itachoka na kusimama. Jedwali hilo hilo linaonyesha ngazi: oksijeni ya kasi puani namba yake ni 2.72, hewa ya kusukumwa kwa barakoa iliyobana, 3.93; mpira kooni, 15.27. Kila msaada ukiwa mkubwa, namba inapanda. Ukisoma kwa jicho la baraza utasema kila msaada ukizidi ndivyo unavyoua zaidi. Lakini kwa jicho la nahodha, ngazi hii inapima jinsi maji yalivyokuwa yameingia chomboni kabla mtu hajaitwa. Dalili ya mvua ni mawingu. Hatujasikia mtu akiwashitaki mawingu kwa kuwalowesha watu. Mashine ndani ya jedwali lile ni wingu. Watafiti wenyewe huita mambo haya yanayoambatana na kifo, na kuambatana si kusababisha. Ila maneno hayo yakitoka kwenye jarida, yakapita kwenye runinga, yakapanda boti na kushuka jetini kwetu, "kuambatana" huwa imeshamwagika baharini.

Mfano mbaya kuliko wote ulitoka New York. Aprili 2020 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa 5,700 wa hospitali za eneo lile, na dunia ikabeba humo namba moja: waliotiwa mashine, asilimia 88 wamekufa. Hapa kwetu namba hiyo iliingia kwa simu na ikabaki. Sasa ifungue uone kilichomo. Waliotiwa mashine walikuwa 1,151. Waliokufa walikuwa 282. Waliotoka wakiwa hai walikuwa 38. Na 831, karibu robo tatu yao, walikuwa bado wamelala vitandani siku hesabu ilipofungwa, hawajafa wala hawajatoka. Asilimia 88 ilipatikana kwa kuwaacha hao wote 831 nje. Ukiwahesabu, waliokuwa wamekufa hadi siku ile ni 24.5 katika 100. Ripoti ilirekebishwa baadaye kidogo ili iseme hivyo waziwazi, lakini marekebisho hayana mabawa.

Kuwaacha nje kuna kosa gani? Mvuvi yeyote atakueleza. Simama ukutani saa tano asubuhi uhesabu vyombo vilivyorudi. Vingi utakavyoviona vimevunjika mlingoti au vimepasuka tanga, kwa sababu chombo kizima kiko bado huko nje kinavua. Ukisema basi bahari ya leo imevunja vyombo vyote, utachekwa hadi Matondoni. Katika ICU ya korona, anayekufa mara nyingi hufa mapema. Anayepona hukaa wiki mbili, tatu, hata zaidi, ndipo atolewe mpira. Kuhesabu mapema ni kuhesabu milingoti iliyovunjika. Wuhan nako mwanzoni zilitoka taarifa za kutisha, moja ya wagonjwa 32 waliotiwa mpira wakafa 31, kutoka hospitali zilizokuwa zinazama katika wiki zake za mwanzo kabisa na ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kuutibu. Hofu ya ulimwengu ilijengwa juu ya wiki hizo chache. Baadaye vifo vya ICU vilishuka katika nchi nyingi, na mashine ni zile zile.

Hata hivyo, sitaki kumfanya mtu wa baraza kuwa ni mtu asiyeona. Ameona mengi na baadhi yake ni kweli tupu. Mpira kooni unataka mgonjwa alazwe usingizi wa dawa. Kwa hivyo neno la mwisho alilosema kabla ya mpira ndilo la mwisho kweli, na hakuna mtu wa nyumbani aliyeruhusiwa kuwepo kulisikia. Mpira hufungulia njia wadudu wa homa ya mapafu. Hewa inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi huyaumiza mapafu yale yale inayoyaokoa. Mashine hiyo inahitaji muuguzi aliyefunzwa anayemwangalia mgonjwa mmoja au wawili, usiku na mchana. Ikiachwa na mtu mmoja wa kuzungukia vitanda kumi, inakuwa hatari kweli. Na madaktari wenyewe walibishana: mwanzo wa 2020 wako waliosema mgonjwa atiwe mpira mapema, wengine wakasema angojewe, apewe oksijeni ya kasi, alazwe kifudifudi akiwa macho. Wengi wakaishia kuvumilia zaidi kabla ya kutia mpira. Kwa hivyo mzee wa Mkunguni aliyeshuku mashine alikuwa na wenzake waliovaa koti jeupe. Na 48.2 ni karibu nusu. Mtu akikwambia "kule hawarudi", nusu ya kauli yake imethibitishwa na Lancet.

Ninachokataa ni kisa chake cha pili, kile asichokisema kwa sauti: kwamba aliyebaki nyumbani angepona. Jirani yetu aliyekuwa "akisema" botini alikuwa ameshafika hali ambayo korona ina ustadi nayo wa pekee. Oksijeni katika damu hushuka polepole na mwili unazoea. Hewa chafu ya kaboni inaendelea kutoka, na kulundikana kwa hewa hiyo ndiko hasa kunakomfanya mtu ahisi kubanwa pumzi. Ndiyo maana mgonjwa huweza kukaa, kutania na kudai pesa za mlango wa ujanani huku kipimo cha kidoleni kingeonyesha 80 mahali pa 95 au zaidi. Chini ya 90 huhesabiwa kuwa ni korona kali, mtu awe anazungumza au hazungumzi. Kipimo hicho, kile kidude cha kubana ncha ya kidole, nyumba ile haikuwa nacho. Walikuwa na masikio, na masikio yaliwaambia anasema.

Nije kwa hukumu ya pili, ya sukari. Hii ina heshima zaidi kwa sababu inatoka kwenye mdomo uliosoma, na msingi wake ni imara. Uingereza zilichambuliwa rekodi za afya za watu milioni 17, matokeo yakachapishwa 2020. Umri uliangusha kila kitu: aliyepita miaka 80 alikuwa na hatari ya kufa kwa korona mara 20 hivi ya aliye katika hamsini. Mwanamume alimzidi mwanamke, 1.59. Sukari iliyodhibitiwa ilikuwa 1.31; isiyodhibitiwa, 1.95. Presha, ambayo kwetu hutajwa katika pumzi moja na sukari kama mapacha, ilipopimwa pamoja na umri na mengine yote karibu ipotee. Kwa mji huu wa mahamri ya asubuhi, chai ya vijiko vitatu na biriani ya kila harusi, hayo ni maonyo ya haki na sitayapunguza hata chembe.

Lakini angalia swali lililoulizwa. Uingereza waliuliza: kati ya watu wote, nani atakufa? Utafiti wa Afrika uliuliza: kati ya watu ambao tayari wako mahututi, nani atakufa? Hayo ni maswali mawili, na anayeyachanganya hulibebesha jibu la moja mzigo wa jingine. Sukari ina kazi kubwa ya kukufikisha mlangoni. Ukishavuka mlango, ukiwa miongoni mwa watu ambao wote wamekwisha kuzidiwa, sauti yake inapungua. Katika jedwali la Afrika sukari ni 1.25 tu, na makadirio yake ya chini kabisa ni 1.01, yaani inakaribia kutokuwepo. Kuwa mwanamke hakukumwokoa mtu waziwazi kama ilivyokuwa huko Ulaya. Virusi vya Ukimwi vilikuwa 1.91, maradhi sugu ya figo 1.89, ya ini 3.48. Umri uliongeza hatari kidogo kidogo kila mwaka.

Na katikati ya orodha hiyo, kati ya viungo vibovu vya wagonjwa, imekaa namba ambayo si ya kiungo chochote. Kuchelewa kuingizwa ICU kwa sababu ya uhaba wa vitanda na vifaa: 2.14.

Nimeirudia namba hii mara nyingi kuliko zote. Kwa mfano wangu wa mwanzo, wa wanaokufa 25 katika 100, sukari ya 1.25 inawapandisha hadi 29. Kuchelewa kwa 2.14 kunawapandisha hadi 42. Mtu mwangalifu atanikumbusha kwamba kila namba ina upana wake: kuchelewa kunaanzia 1.42, sukari inaishia 1.56, kwa hivyo kuna ukingo mdogo ambapo zinagusana. Nakubali. Lakini tuambizane ukweli: umewahi kumsikia ofisa wa afya kwenye runinga akisoma orodha ya walio hatarini, "wazee, wenye sukari, wenye presha, wenye pumu", halafu akaongeza, "na wale watakaofika wakakuta kitanda hakipo"? Orodha zote tulizosomewa zilikuwa za miili yetu. Hakuna hata moja iliyokuwa ya vitanda vyao.

Tazama basi alivyohukumiwa jirani yetu. Daktari aliyemwambia mpwa wake kwamba mzee alikuwa na sukari hakusema uongo. Ila alitaja 1.25 akaruka 2.14, na mzee alikuwa nazo zote mbili: sukari katika damu, na usiku mzima kwenye machela ujiani. Simlaumu huyo daktari, huenda alikuwa wa nne kumpa mtu habari ile tangu asubuhi na sukari ndiyo iliyoandikwa kwenye faili. Usiku wa ujiani haukuandikwa popote. Maneno "alikuwa na sukari" humaliza mazungumzo kwa upole sana. Humwacha kila mtu hana kosa isipokuwa maiti.

Vitanda vyenyewe vilikuwa vingapi? Ugonjwa ulipoingia Kenya Machi 2020, tathmini ya watafiti wa hapa nchini ilihesabu vitanda vya ICU 537 na mashine za kupumulia 256, kwa nchi ya watu karibu milioni 50. Kaunti zilizokuwa na chumba cha ICU hata kimoja ni 22 kati ya 47. Katika vitanda vya kawaida vya hospitali, vile vilivyo katika hospitali zenye oksijeni vilikuwa asilimia 58. Na katika hospitali zile 64 za utafiti, wagonjwa 6,779 waliombewa nafasi ya ICU au uangalizi wa karibu. Walioingizwa ni 3,752. Huyo wa pili kati ya kila wawili alikwenda wapi? Hayumo katika 48.2. Namba mbaya kabisa tuliyonayo ni ya wale waliobahatika.

Hapo ndipo Lamu inapoingia, au kwa usahihi zaidi, ndipo isipoingia. Kuchelewa kulikopimwa na utafiti ni kwa ndani ya hospitali tu, tangu mgonjwa aombewe kitanda hadi akipate. Saa za huko nyuma hazikupimwa, na sitajifanya kwamba 2.14 inazihusu. Ila zipo, na mtu wa visiwa anazijua moja moja. Mgonjwa wa Kizingitini au Faza, kisiwani Pate, husubiri maji: bamvua likiwa limetoka, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki kwa boti lenye mzigo, na kuuzunguka ni kwenda bahari ya nje ambayo wakati wa kusi haimhurumii mzima, sikwambii mgonjwa. Akifika Lamu bado yuko kisiwani. Kuna boti jingine hadi Mokowe. Kutoka hapo Mombasa ni kilomita 340 hivi kupitia Witu, Garsen na Malindi, katika barabara ambayo kwa miaka mingi watu wamesafiri kwa msafara wa askari na hawathubutu usiku. Mtungi wa oksijeni wa ambulensi nao una dakika zake.

Na kabla ya maji na barabara kuna siku za nyumbani, ambazo mimi mwenyewe nazitilia mkazo hata kama zinawauma ndugu zangu. Hofu ya mashine ndiyo iliyozirefusha. Watu walisikia kule hawarudi, wakangoja. Wakangoja mpaka mgonjwa hawezi tena. Wakampeleka akiwa wa mpira tu. Akatiwa mpira, akafa. Wakarudi na ushahidi mpya kwamba kule hawarudi. Mzunguko huo ulijilisha wenyewe, na kila msiba ukawa unautengenezea msiba unaofuata. Baraza halikukosea kuona kwamba wanaoingia kule hawatoki. Lilikosea kutojiona lenyewe ndani ya hesabu.

Nasema hivi nikijua kwamba kuwahi peke yake hakungetosha. Mtu angewahi, akafika siku ya nne badala ya ya tisa, angekuta nini? Mahali pengi, mtungi mmoja na foleni. Lakini kwa aliyewahi huku anahitaji oksijeni kulikuwa na kitu ambacho si mashine wala hakikuhitaji Mombasa. Juni 2020 majaribio makubwa ya Uingereza yalionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, hupunguza vifo kwa karibu theluthi kwa waliotiwa mashine, na kwa karibu moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni ya kawaida. Kwa asiyehitaji oksijeni haikumsaidia kitu, jambo ambalo wengi walionunua vidonge hivyo dukani wakameza nyumbani siku ya pili hawakuambiwa. Katika jedwali la Afrika, dawa za jamii hiyo ni miongoni mwa machache yaliyokwenda upande wa uhai: 0.55. Oksijeni, kidonge cha bei ya chini, kulala kifudifudi, na kidude cha kidoleni cha kusema lini. Hivyo vinne havina sura ya kutisha, na hakuna aliyepata kusema kwamba vinaua. Vyote vina sharti moja la kukera: vinamtaka mgonjwa wakati bado anasema.

Wiki iliyopita nilikaa na yule mpwa, sasa ana duka la vifaa vya simu Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Akafungua mtoto wa meza akanionyesha kipimo cha kidole, bado kimo ndani ya kisanduku chake. Alikinunua mwezi mmoja baada ya maziko. Nikamuuliza mjomba alianza homa siku gani. Akasema Jumatatu. Mama yake, aliyekuwa amekaa ndani, akasema hapana, ilikuwa Ijumaa ya nyuma yake, hakwenda msikitini siku ile na yeye ndiye aliyempelekea uji. Shangazi mmoja alipopigiwa simu akasema alikuwa na kikohozi tangu Jumatano kabla ya hapo.

"Mwanangu, hatukuhesabu," mama akasema. "Alikuwa anasema."